Ukiongeza laki mbili dukani, zinaingia wapi?

Wateja wengi huuliza swali lile lile wakishachukua kifaa chao, kabla hawajatoka mlangoni: "Fundi, siku nikinunua kingine, nichukue cha bei au hiki hiki cha kawaida?" Anayeuliza hutegemea nimwambie kwamba cha rahisi ni ghali. Kuna vitu ambavyo msemo huo unavifaa sawasawa. Na kuna watu walioongeza laki mbili wakanunua rangi ya mlango, taa ya bluu na jina. Kazi yangu ni kuvifungua vyote, vya laki moja na vya milioni mbili, kwa hiyo naandika ninachokiona baada ya kutoa skurubu.

Nianze na blenda, maana ndiyo inayojaa mezani kwangu. Ndani yake kuna mota yenye koili, kaboni mbili zinazosugua, na chini ya jagi kuna bushi na kipande cha mpira kinachoungana na mota. Vitu hivyo vimo kwenye blenda ya bei yoyote. Panapotofautiana ni kwenye waya wa koili. Blenda nzuri husukwa kwa waya wa shaba. Ya bei ya chini mara nyingi ni alumini, na siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba kwa juu, ukiitazama kwa macho tu huishtukii. Ukiikwangua kwa wembe, ndani nyeupe.

Alumini yenyewe haina ubaya. Nyaya nyingi za umeme zinazopita juu ya nguzo mtaani kwako ni alumini. Shida ni kwamba inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo inatakiwa iwe nene zaidi ili kufanya kazi ile ile. Juu ya nguzo unene si tatizo, na upepo unaipooza. Ndani ya kitako cha blenda nafasi hakuna, wala upepo wa maana hakuna. Koili inachemka. Wanaofanya kazi za mota wana kanuni yao: joto likizidi kiwango kwa nyuzi 10, umri wa vanishi inayokinga waya unapungua kwa nusu. Likizidi 20, imebaki robo. Ile harufu unayoisikia blenda ikisaga karanga kavu ni vanishi hiyo inaondoka.

Kuigundua shaba dukani bila kufungua kifaa, tumia mkono. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Chukua blenda mbili za ukubwa mmoja, toa majagi kwanza (jagi la kioo limewadanganya wengi), unyanyue vitako peke yake. Kipimo hiki si cha maabara, lakini ni bora kuliko kusoma wati zilizoandikwa kwenye boksi, maana karatasi inavumilia kila kitu.

Sasa swali la pesa. Tuseme blenda ya alumini inauzwa 45,000 na ya shaba 180,000. Familia inayosaga juisi mara tatu kwa wiki, dakika tatu kila mara, inaitumia dakika tisa kwa wiki. Piga hesabu ya mwaka mzima: hazifiki saa nane. Kwa matumizi hayo blenda ya 45,000 itaishi miaka, na kitakachoanza kufa ni ule mpira wa chini, ambao ni spea ya shilingi chache Kariakoo. Ukinunua ya 180,000 umeongeza 135,000 ambazo hutaziona tena. Lakini anayeuza juisi kituo cha daladala anazimaliza saa nane hizo kwa siku mbili. Huyo akinunua ya 45,000 atakuwa rafiki yangu wa kudumu. Tena atazame na kile kibandiko cha chini chenye herufi KB na idadi ya dakika: ni muda ambao mota inaruhusiwa kuzunguka mfululizo kabla ya kupumzishwa. Blenda za nyumbani, hata za bei mbaya, nyingi zimeandikwa dakika moja hadi tatu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari ya bei, namwuliza kwanza kifaa chake kitafanya kazi saa ngapi. Feni ya Dar es Salaam inazunguka usiku kucha. Pasi inawaka nusu saa. Friji halizimwi kabisa, na ndiyo maana friji lina hesabu yake peke yake.

Kwenye friji, kuna bei unayolipa dukani na kuna bei unayolipa kwenye LUKU kila mwezi bila kujua. Tuseme una machaguo mawili. Moja ni la mtumba, kubwa, la miaka mingi, linakula uniti moja na nusu kwa siku. La pili ni jipya lenye kompresa ya inveta (inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka), linakula uniti 0.7, na bei yake imezidi ya lile la mtumba kwa 300,000. Tofauti ni uniti 292 kwa mwaka. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye elfu kumi inampa kama uniti 28, uniti moja ni karibu shilingi 356 kodi zikiwemo. Anaokoa karibu 104,000 kwa mwaka. Chini ya miaka mitatu laki tatu yake imerudi, na friji bado lipo.

Mpeleke hesabu hiyo kwa jirani yake aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Yeye uniti anainunua kwa karibu shilingi 122. Friji lile lile linamwokolea kama 35,600 tu kwa mwaka, na itamchukua zaidi ya miaka minane kuirudisha laki tatu. Ukiishia hapo utasema achukue la mtumba. Lakini la mtumba linakula uniti 45 kwa mwezi katika zile 75, na 30 zinazobaki zigawanywe kwa taa, televisheni, feni na pasi. Akizidisha na kutolewa kwenye kundi, kila uniti ndani ya nyumba inapanda bei, pamoja na zile ambazo friji halijazigusa. Kwake yeye friji linalokula kidogo linalinda ile bei ya 122, na hili sijawahi kumsikia muuza duka akilisema.

Wasioamini takwimu za kibandiko wapime. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa friji, andika namba ya uniti kwenye mita, rudi baada ya saa kadhaa friji likiwa limefungwa. Usiku ni rahisi zaidi, ukivumilia joto bila feni.

Hiyo ni hesabu ya umeme. Uimara ni habari nyingine, na hapa bei kubwa inanipa mashaka. Friji za zamani zilikuwa na kondensa nyuma, ule wavu mweusi unaokusanya vumbi. Ikitoboka, unaiona, unaiziba au unaibadilisha. Friji nyingi za sasa, za bei zote, zimeficha bomba hilo ndani ya kuta, ndiyo maana ukigusa ubavuni unasikia joto. Bomba likiwa la chuma na nyumba ikiwa Kigamboni au Mbezi Beach, ambako hewa ina chumvi, kutu haichelewi. Kulifuata bomba ndani ya povu la ukuta haiwezekani, kwa hiyo tunalitelekeza na kufunga kondensa nyingine kwa nje. Friji la milioni mbili na nusu linabaki na mbavu mgongoni. Sura hiyo wateja hawaipendi, lakini linagandisha.

Dhamana ya miaka 10 iliyobandikwa mlangoni nayo isome vizuri. Mara nyingi ni ya kompresa peke yake. Ile bodi inayoiendesha kompresa ya inveta, ambayo ndiyo inayoungua umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, dhamana yake huwa ni ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo kabla hujaongeza laki mbili kwenye friji, ongeza fedha kidogo kwenye friji gadi. Kazi yake si kuzuia umeme mkubwa na mdogo tu. Inachelewesha kuwasha kwa dakika chache baada ya umeme kurudi. Kompresa ya kawaida ikizimwa, gesi huacha shinikizo kubwa upande mmoja. Ukiilazimisha kuanza papo hapo inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi na kuchemka, na baada ya kufanyiwa hivyo mara kwa mara koili yake inaungua. Gadi haifiki sehemu ya kumi ya bei ya friji, na sijaona kingine cha bei hiyo chenye kuongeza miaka kama hicho.

Na kisu! Wanaochokoa barafu kwa kisu wananilisha mimi na watoto wangu. Pale barafu inaposhika ndipo bomba la alumini linapopita, laini kama kopo la soda. Kisu hakiulizi friji lilinunuliwa bei gani.

Hapa huwa naambiwa: "Lakini fundi, vya zamani vilikuwa vigumu. Bibi yangu ana friji la miaka thelathini." Ni kweli analo. Yaliyonunuliwa pamoja na hilo yakafa mwaka wa nne yaliuzwa chuma chakavu zamani sana, hakuna anayeyasimulia. Tunakiona kilichobaki na kudhani vyote vilikuwa hivyo. Ninachokikubali kuhusu vya zamani ni kwamba vilifunguka. Vilikuwa na skurubu. Leo nakutana na pasi iliyofungwa kwa kulazimishwa plastiki, nikiifungua inavunjika, au birika ambalo hita yake imeunganishwa moja kwa moja na kitako. Ufaransa wameliona hili: Januari 2021 walianza kulazimisha vifaa kadhaa, zikiwemo mashine za kufulia za kufungulia mbele, viuzwe na alama ya kati ya 0 na 10 inayoonyesha jinsi kifaa kinavyotengenezeka kikiharibika. Kwetu mnunuzi ajipimie. Geuza kifaa uone kama kuna skurubu. Kisha, kabla ya kulipa, pita kwa wauza spea ulizie kipande kinachokufa haraka: mpira wa blenda, kapasita ya feni, raba ya mlango wa friji. Kama aina hiyo hawaijui, hata kama ni ya gharama, siku ikiharibika itakuwa pambo.

Godoro si fani yangu, lakini wanaoniuliza ni wengi na kipimo chake ni rahisi. Uimara wa povu unakwenda na uzito wake kwa ujazo. Godoro la tano kwa sita, inchi 8, lina ujazo wa kama mita za ujazo 0.57. Povu la kilo 18 kwa mita ya ujazo litakupa godoro la kilo kama 10. Povu la kilo 30 litakupa la kilo 17. Dai mizani. Kitambaa chenye maua na neno "orijino" havina uzito. Tahadhari moja: kuna povu linalochakachuliwa kwa unga wa chokaa ili lionekane zito. Fungua zipu, sugua povu kwa kiganja. Likitoa vumbi, liache.

Limebaki jambo la namna ya kulipa, ambalo huzila hesabu zote za juu. Mtu anachukua mkopo wa kausha damu wa laki sita anunue friji linalookoa umeme. Riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita: riba peke yake ni 360,000. Friji lenyewe linaokoa 104,000 kwa mwaka kwa mteja wa kawaida. Miaka mitatu na nusu friji litakuwa linamfanyia kazi aliyekopesha. Kwa bei hiyo ya pesa, heri la mtumba la bei ndogo sasa, na zile 160,000 za kila mwezi ambazo zingekwenda kwa mkopeshaji uzicheze kwenye kijumbe. Kina mama wa mchezo wa vyombo walilijua hili zamani: sufuria nzito, hotpoti na seti za sahani wanazipata kwa zamu, bila riba, na hakuna anayelazimika kununua sufuria nyembamba inayounguza wali kila Ijumaa kwa sababu siku hiyo mfukoni kulikuwa na elfu nane tu.

Nikipewa pesa ya kuanzisha nyumba leo, nitaongeza bei kwenye friji, feni ya chumbani, godoro na taa za LED, maana hivyo vinafanya kazi wakati hata mimi nimelala. Sufuria mbili nzito. Blenda ya kawaida, pasi ya kawaida yenye skurubu zinazoonekana. Birika la umeme nitachukua la bei ya chini kabisa lenye alama ya TBS. La bei kubwa linachemsha maji yale yale kwa hita ya namna ile ile.