Bia ya Waingereza si ya moto

Kila mgeni kutoka nyumbani anayenitembelea huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, anakuja na maneno yaleyale: Waingereza wanakunywa bia ya moto, tena haina gesi. Kazi yangu ni kutunza sela, yaani chumba cha chini cha mapipa, ya pabu ya kijijini. Nimeshalijibu hili kaunta hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Ukikaa baa Dar mhudumu anakuuliza, baridi au moto? Hiyo ya moto imetoka kwenye kreti nje ya friji, nyuzi 30 hivi. Bia ya pipa ya Kiingereza inatoka ikiwa na nyuzi 11 hadi 13. Shika glasi, utausikia ubaridi. Haigandishi meno, na hiyo ni kwa makusudi, maana baridi kali inaua harufu, na bia hii inapikwa kwa ajili ya harufu. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zile za zamani za Kent, Goldings na Fuggle, zina harufu ya maua na ya udongo. Ishushe bia yake hadi nyuzi 3 uone kama hutakunywa maji machungu tu. Anayetaka ya barafu aagize lager. Ipo kaunta hiyohiyo, na hakuna atakayemshangaa.

Hilo la gesi ndilo linaloniudhi hasa. Pipa la kawaida ni lita 41, painti 72, na linanifikia likiwa na hamira hai ndani. Bia bado inachachuka, na gesi yake inaitengeneza yenyewe humo humo. Nalilaza kwenye kitanda chake, nagongelea kigingi laini cha mwanzi juu ya tumbo, na povu linaanza kupenya: jeupe, zito, linateremka ubavuni. Nafuta, linatoka tena. Likipungua hadi vipovu vinavyopasuka kimojakimoja, nang'oa kigingi laini na kuweka kigumu kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki isitoroke. Ukiwahi kufunga, bomba litakutolea povu tupu. Ukichelewa, bia imelala, gesi imeisha, na hapo mgeni wangu atakuwa na haki ya kulalamika.

Mafunzoni wanakupa saa za kusubiri. Mimi saa hizo siziamini. Mapipa mawili ya mpiko mmoja, yaliyoshushwa pamoja, yanatulia kwa nyakati tofauti, na siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanasubiri juu, naamua kwa sikio na ulimi huku roho ikinidunda.

Kinachoifanya bia iwe angavu ni ute wa vibofu vya samaki, vile ambavyo watu wa Mwanza wanaviita mabondo. Unaishika hamira na kuizamisha chini ya pipa. Usiyekula samaki, uliza. Wapikaji kadhaa wameuacha, na bia yao ina ukungu kidogo bila kasoro yoyote.

Bilula ikishafunguliwa, kila painti inayotoka inaacha nafasi ya hewa kuingia. Una siku tatu hivi za ladha nzuri, kisha safari ya siki inaanza. Viwanda vikubwa vilitaka kukwepa usumbufu huu kwa kuhamia kegi, mapipa yaliyofungwa ambayo bia yake haina hamira hai na husukumwa kwa gesi ya kuongezwa, na wanywaji wakakataa: mwaka 1971 walianzisha CAMRA, chama cha wanywaji, kuitetea bia ya pipa. Kwa hiyo kumwambia mtunza sela kwamba bia yake "imeachwa nje" ya friji ni kumtukana.

Kuna jambo moja ambalo sisi wenyewe hatujaafikiana. Huku kaskazini tunafunga kijichujio chenye matundu kwenye mdomo wa bomba, na bia inapata povu zito kama krimu. Kusini wengi hawakitaki. Kwenye bia yenye kimea kingi nakipenda. Kwenye bia nyepesi ya hopsi nashuku kinahamishia uchungu wote kwenye povu, nami hukivua ingawa wateja wananuna.

Ukienda pabu, usikae mezani kungoja mhudumu. Nenda kaunta, agiza, lipa. Huna uhakika na bia fulani? Omba uionje, au chukua nusu painti. Kagua pia mabomba ya mkono na idadi ya wanywaji: mabomba manane na watu watano maana yake bia inazeekea ndani ya pipa. Bora mabomba mawili yasiyopumzika.

Na ukiwa mteja wa kwanza wa siku, glasi yako inaweza kuwa bia iliyolala usiku kucha kwenye mrija kati ya sela na kaunta. Hiyo kweli ni ya moto, kweli imekufa. Pabu makini huivuta na kuimwaga kabla ya kufungua mlango. Ukipewa, irudishe mara moja, kabla hujafika nusu, na useme wazi: ya moto, au ina siki. Mhudumu anayejua kazi ataionja, ataimwaga na kukupa nyingine bila ubishi. Akikuambia ndivyo bia ya Kiingereza ilivyo, hama pabu.