Wiki ya kwanza usitie filamu

Anayeniletea kamera ya lenzi mbili aliyoipata mtumba, mara nyingi Yashica Mat-124G, huwa na haraka ya kujua filamu inaingilia wapi. Namwambia aiweke filamu kando kwanza. Filamu ya 120, ile pana ya kuviringishwa inayotumiwa na kamera hii, hutoa picha 12 tu za mraba, na hakuna sababu ya kulipia filamu na kuoshewa kwake ilhali mikono bado inababaika.

Tunaanza na ukaguzi. Fungua mlango wa nyuma, weka kasi ya sekunde 1, zungusha mkono wa pembeni wa kamera, ule wa kuvutia filamu, halafu bonyeza huku ukichungulia lenzi ya chini. Shata, yaani kile kifunguo cha ndani ya lenzi kinachoruhusu mwanga kupita, ikisinzia kwenye kasi za chini lakini ikichapuka kwenye za juu, usilie: kwa kawaida ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na fundi huyasafisha. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute ukungu, ule utando kama wa buibui ambao sisi wa pwani tunaujua mno. Ukiwa kwenye lenzi ya juu tu, shusha bei ununue, maana ile ni ya kutazamia. Picha hupita ya chini. Kitawi cha kujipiga picha mwenyewe usikiguse. Kikikwama katikati kinaweza kuifunga shata yote.

Mita ya mwanga nayo usiilipie hata senti. Ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena, na betri ya kawaida ya 1.5 huipotosha. Jua likiwaka na filamu ikiwa ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), weka kasi ya 1/125 ya sekunde na tundu la lenzi f/16. Kivulini penye anga wazi, f/5.6. Yatakutosha kwa muda mrefu.

Sasa kazi yenyewe. Kamera inakaa kifuani au kiunoni, mkanda umekazwa shingoni, unainamia kioo cha kutazamia kilicho juu yake. Kioo kinageuza kushoto na kulia. Nilipoanza nilisimama ufukweni kufuatilia jahazi. Likaenda kulia, nami nikazidi kulikimbia kwa kuzungukia kushoto, hadi likapotea na mimi bado nahangaika. Sheria nisiyoichoka kuisema: usikifuate kioo, ufuate mwili. Kitu kikienda kulia, jizungushe kulia. Kaa barazani jioni, fuata bodaboda zinazopita, bila filamu. Siku ya tatu au ya nne shingo inaacha kubisha. Ukitaka kuona kiooni kwa usahihi zaidi, inua kile kilenzi kidogo cha kukuzia kilichofichwa ndani ya kifuniko, usogeze jicho karibu kabisa.

Karibu na mita 1 kuna mtego mwingine: lenzi ya juu huona juu kidogo kuliko ya chini, basi picha ya uso hutoka imekatwa utosi. Ukishapanga, inua kamera sentimita chache ndipo ubonyeze.

Baada ya hapo ndipo filamu. Ifungulie kivulini, vuta karatasi mpaka mshale wake ulingane na alama za kwenye mwili wa kamera, funga mlango, zungusha mpaka mkono ugome: hiyo ni picha ya 1. Baada ya ya 12 endelea kuzungusha mpaka mkono uwe mwepesi, toa rili, ikaze, lamba gundi ya karatasi na uibandike kabla hujafanya jambo lingine lolote.