Tukipiga dawa nyumba za Lamu, mbu watapungua kiasi gani? Jinsi kompyuta inavyopiga hesabu hiyo

Kabla dawa ya mbu haijanunuliwa na wapigaji hawajaanza kupita mlango kwa mlango, huwa kuna watu waliokaa mbele ya kompyuta wakiuliza: tukipiga nyumba hizi, mwezi huu, malaria itapungua kwa kiasi gani? Chombo wanachotumia huitwa modeli. Ni mji wa kubuni, wenye watu wake, nyumba zake, mvua zake na mbu wake, ambao unaweza kupigwa dawa mara mia bila kumsumbua mtu. Majibu yake husaidia kuamua fedha za umma ziende wapi. Kwa hiyo mkaazi wa Lamu ana haki ya kujua yanapatikana vipi, na ni wapi yanaweza kutupoteza.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Dawa ya ukutani kazi yake kubwa si kumzuia mbu asikuume. Mbu jike wa malaria, Anopheles, huingia usiku, akanywa damu, kisha kwa uzito wa shibe hutua ukutani kupumzika, na hapo ndipo dawa inapomshika. Wewe ameshakuuma. Anayeokoka ni jirani yako, kwa kuwa vimelea alivyonyonya kwa mgonjwa huhitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mwili wake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Katika muda huo hurudi kutafuta damu kila baada ya siku 2 au 3.

Tuseme milo 4. Ikiwa katika kila mlo kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba atatua kwenye ukuta wenye dawa na kufa, basi kati ya mbu 100 watakaofika mwisho ni kama 6. Ikiwa uwezekano huo ni 1 kati ya 10, watafika kama 66. Na hapo bado sijatoa wanaokufa kwa sababu nyingine. Daktari George Macdonald, katika miaka ya 1950, ndiye aliyeonyesha kwa hesabu kwamba kufupisha umri wa mbu aliyekomaa huvunja malaria zaidi kuliko kupunguza tu idadi ya mbu. Modeli za leo, pamoja na ukubwa wake wote, bado zimesimama juu ya hoja hiyo.

Swali gumu ni hili: ile nusu, au ile 1 kati ya 10, tunaitoa wapi?

Garki, kaskazini mwa Nigeria, ilitufundisha kwa gharama kubwa. Kuanzia 1969 hadi 1976 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria walipiga vijiji vya huko dawa ya propoksa, wakahesabu mbu na wagonjwa kwa makini yasiyokuwa ya kawaida. Uwezo wa mbu kueneza ugonjwa ulishuka kwa takriban asilimia 90, lakini malaria haikukatika. Sehemu ya mbu wale hawakuwa wakipumzika ndani kabisa. Walikunywa damu wakatoka. Kwa maoni yangu, hakuna somo muhimu kuliko hilo kwa mtu yeyote anayeandika modeli. Tabia ya mbu wa mahali fulani haikisiwi, hupimwa.

Na Pwani yetu ina mbu wa tabia mbalimbali. Anopheles funestus hupenda kukaa ndani ya nyumba, na dawa ya ukutani humpata vizuri. Anopheles arabiensis huridhika na damu ya ng'ombe na mara nyingi hulala nje. Anopheles merus huzaliana hata kwenye maji ya chumvichumvi, ya aina tuliyonayo kando ya mikoko. Modeli inayowachanganya watatu hawa na kuwafanya mbu mmoja itatoa ahadi ambayo ukuta hautaitimiza.

Kisha kuna ukuta wenyewe. Udongo hufyonza dawa. Mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, kama ya Mji wa Kale wa Lamu, yana shida nyingine: chokaa huvunja baadhi ya dawa haraka. Ndiyo maana wataalamu hurudi mwezi baada ya mwezi, wakabandika kikombe kidogo chenye mbu ukutani kwa dakika 30, kisha wakahesabu waliokufa baada ya saa 24. Vifo vikishuka chini ya asilimia 80, ukuta ule huhesabiwa kuwa umechoka. Kipimo kilichochukuliwa kwenye nyumba za udongo za Migori, magharibi mwa Kenya, hakiwezi kuazimwa kikatumika Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu.

Tusisahau pia homa ya chikungunya ya 2004, ambayo uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa ilipita kwa takriban robo tatu ya wakaazi wa mji wa Lamu. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana na huzaliana kwenye maji tunayoyaweka nyumbani. Naye hupumzika ndani, lakini chini: nyuma ya makabati, mvunguni, kwenye nguo zilizotundikwa. Kwake yeye modeli huandikwa upya, na samaki wadogo ambao wazee waliwaweka kwenye mabirika, yaani matangi ya maji ya nyumbani, ili wale viluwiluwi vya mbu, wanastahili kuingizwa katika hesabu.

Limebaki suala la tarehe. Dawa hupigwa kabla ya masika, ili nguvu yake iwepo mbu wanapoongezeka. Lakini hapa kwetu nyumba nyingi hupakwa upya kabla ya Idi au Maulidi, na rangi mpya huifunika dawa. Kwenye modeli nyumba hiyo ni sawa na ambayo haikupigwa kabisa. Sikukuu hizo hufuata mwezi, na kila mwaka huja mapema kwa kama siku 11, ilhali masika hubaki palepale. Kwa hiyo wapigaji wakija, waulizeni dawa itadumu miezi mingapi kwenye chokaa, na mkiwa na nia ya kupaka rangi mwaka huu, waambieni mapema ili nyumba ipakwe kwanza, ikauke, ndipo ipigwe dawa.