Hema la saa 12 jioni, maji ya saa 10 alfajiri

Nianze na kosa langu mwenyewe. Tulifika ufukwe mmoja kusini ya Pangani jua linazama, maji yanarudi nyuma, mchanga umeshikana, tambarare kama ua lililofagiwa. Juu zaidi palikuwa na mchanga mlaini wenye makumbi ya nazi na miba. Nani alale huko? Tukapiga hema pale pagumu, tukala samaki, tukalala. Saa 10 alfajiri godoro langu likaanza kuyumba. Kiatu cha kushoto sikukiona tena hadi leo. Mvuvi aliyekuwa anasukuma ngalawa yake alitutazama tukihangaika na kamba, akauliza: "Kwani jana hamkuuona mwezi?"

Tuliuona, na tuliupiga picha. Hatukujua tu kwamba ulikuwa unatuambia kitu. Tangu hapo, nikifika mahali pa kulala sijiulizi panaonekanaje. Najiuliza patakuwaje usiku wa manane. Mengi yanayosemwa kuhusu kuchagua kambi hukosea hapo hapo.

"Maji yakishakupwa, ufukwe ni wenu"

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hutoka mbali sana, yakirudi yanapanda sana. Pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia meta 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na ufukwe hautishi sana.

Wageni wengi hawajui kwamba kwetu, siku za bamvua, maji hujaa kabisa karibu na saa 10, ya jioni na ya alfajiri. Kwa hiyo anayefika saa 12 huyakuta yanaondoka. Saa 4 usiku ufukwe umekuwa uwanja wa mpira, naye anajipongeza. Yakianza kurudi, amelala.

Usipime kwa mchanga mkavu, maana jua hukausha upesi. Tafuta mistari ya mwani mkavu, vijiti na ndara zilizokatika. Mara nyingi iko miwili au mitatu: wa chini ni wa jana, wa juu ni wa bamvua iliyopita. Lala juu ya yote, panapoanza mimea ile inayotambaa yenye maua ya zambarau. Hata hapo angalia ulipo, kwa sababu kasa naye hupandisha mpaka hapo hapo kutaga, na taa kali humvuruga yeye na watoto wake wakitoka kwenye mayai. Ukiona michirizi mipana mchangani kama ya tairi, sogea mbali, uzime taa.

Na kivuli cha mnazi wenye nazi ni cha kupigia picha. Hakilaliwi.

"Ufukwe ni wa Mungu, hauna mwenyewe"

Panapofaa kulala ni nyuma ya ufukwe, na huko pana mwenyewe: shamba la mtu, kiwanja, au hifadhi yenye kiingilio. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa wavuvi wa bandari ile, sema shida yako. Mara nyingi utaonyeshwa mahali bora kuliko ulipochagua, na watu watajua kwamba upo.

"Jangwani hakuna mafuriko"

Ukitoka Marsabit kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, utavuka laga nyingi, mito mikavu ya kaskazini mwa Kenya. Laga hushawishi: mchanga safi, kingo za kukinga upepo, migunga ya kivuli. Gari linaingia bila taabu. Lakini mchanga ule uliletwa na maji, na yakirudi hayabishi hodi. Mvua hunyesha milimani, mbali usikoweza kuona. Ardhi ngumu haiyanywi, yote huteremkia kwenye mkondo, nawe juu yako nyota zinawaka bila wingu. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, watu saba walikufa kwa maji ya namna hiyo. Pale si jangwa, lakini korongo ni korongo.

Inua macho utazame matawi. Nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye mti ni alama ya kimo cha maji ya mara ya mwisho. Mimi nimewahi kusimama ndani ya laga nikaviona juu ya kichwa changu, nikarudisha vitu garini bila kungoja chai.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Wafugaji huchimba visima ndani ya laga. Ukipiga hema karibu na kisima, alfajiri utaamshwa na ngamia wenye kiu, na kusema kweli wewe ndiye uliyewazibia njia.

"Usiku jangwa lolote ni barafu"

Inategemea jangwa. Mchanga wa Sharqiya kule Oman, mwezi wa Desemba, unataka blanketi. Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, iko chini, haifiki meta 500 juu ya usawa wa bahari, na usiku mwingi utalala bila shuka. Adui wa huko ni upepo. Unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukitoka hapo una nguvu kweli. Si bure kwamba mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo ilisimamishwa eneo hilo. Loiyangalani jioni inaweza kuwa shwari, kisha giza likishaingia upepo ukashuka kutoka mlima Kulal ulioko mashariki. Kwa hiyo mgongo wa hema uelekee Kulal, mlango upande wa ziwa, na kamba uzifunge kwenye mawe makubwa, maana ardhi ya mawe ya volkano haishiki vigingi. Ila usisogee hadi ukingoni mwa maji. Ziwa Turkana lina mamba wengi.

"Mlimani, bondeni ndiko kwenye joto"

Mchana ndiyo. Usiku hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, nayo huteremka kama maji mpaka ikatuama mahali palipobonyea. Aliye mteremkoni, meta chache juu ya bonde, anaweza kulala vizuri kuliko aliye chini yake. Kilimanjaro utaionja hali hii Barranco, kambi iliyo kwenye meta 3,900 na kidogo: ukuta mkubwa wa mwamba uko mashariki yake, kwa hiyo hata kukikucha jua huchelewa kukufikia.

Kule huchagui popote, kambi zimepangwa na hifadhi. Unachochagua ni njia, na pembe ya kuweka hema ndani ya kambi. Wapo wanaodhani kulala juu zaidi ni kupiga hatua. Wazoefu husema panda juu, lala chini: ndiyo maana wa njia ya Machame hupitia Lava Tower, zaidi ya meta 4,600, kisha wakashuka kulala Barranco. Mwili unaonjeshwa hewa nyepesi, halafu unapumzishwa.

Moto wa kuni usiuwaze, hauruhusiwi. Oktoba 2020 moto ulioanzia Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, uliwaka kwa siku kadhaa.

Nalo swali la maji wengi hawaliulizi kabisa. Barafu, kambi ya kuondokea kwenda kileleni, iko meta 4,673, juu ya mgongo wa miamba, na haina kijito. Chanzo cha mwisho kiko bonde la Karanga. Ukimwona mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitana huko, anapanda mchana ule na dumu kichwani, hayo ndiyo maji ya chai yako ya saa 5 usiku.