Kuiaga sinema ya mtaa: yaliyokuwa chumbani kwa opareta

Wiki hii mafundi wanang'oa viti vya sinema ya mtaa wetu hapa Arusha. Jengo linageuzwa maduka. Mimi nimeitwa kushusha projekta zake mbili, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza na kutunza mashine za filamu. Wengi wananiuliza kuna nini cha kulilia, wakati siku hizi filamu ziko kwenye simu. Jibu langu liko juu, nyuma ya balkoni, kwenye chumba ambacho wateja hawakuwahi kuingia.

Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye projekta picha 24 kila sekunde, lakini hautiririki mfululizo. Kila picha huvutwa, husimama mbele ya mwanga, kisha huipisha inayofuata. Kinachofanya hivyo ni kifaa kidogo cha chuma kiitwacho msalaba wa Malta. Mkanda unaposogea, kibao kinachozunguka huziba mwanga ili jicho lisione picha ikiburuzwa. Jana nilipofungua mashine ya kushoto, nilikuta meno ya gurudumu la kuvutia mkanda yamelika upande mmoja, yamepinda na kuchongoka. Meno ya namna hiyo huchana matundu ya mkanda. Ndiyo maana picha ilikuwa ikikatika steringi akiwa katikati ya mapigano, ukumbi mzima ukapiga miluzi. Gurudumu jipya lilitakiwa kuagizwa nje, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu.

Kwa nini mashine mbili? Rili moja ya mita 600 huisha kwa dakika 20 na ushee, na filamu ya Kihindi ya saa tatu ni karibu kilomita 5 za mkanda. Opareta hukodolea macho kona ya juu kulia ya skrini. Alama ya kwanza ikitokea, anawasha mota ya mashine ya pili. Ya pili ikitokea sekunde chache baadaye, anahamisha picha na sauti. Akipatia, hakuna anayejua. Huku nyuma anachunga taa, maana zile za zamani ziliwaka kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyolika taratibu, na visiposogezwa inavyotakiwa picha hufifia. Ufundi huu ulirithishwa kwa kusimama kando ya aliyekutangulia. Kwangu huo ndio msiba, kuliko kuta.

Lawama za kufa kwa sinema hutupiwa video, na televisheni iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994. Zilichangia kweli. Lakini nakala mpya zilikuwa zimeshaadimika. Zilezile zilizungushwa mji hadi mji mpaka zikajaa mikwaruzo kama mvua. Kisha, kuanzia miaka ya 2013 na 2014, studio kubwa za Marekani zikaanza kuachana na nakala za mkanda.

Mwenye jengo amekubali projekta moja ibaki mjini, nami nitaitumia kufundishia vijana.

Wenye rili majumbani, Arusha na Moshi, nawaomba msiziweke darini chini ya bati. Mikanda ya asetati, aina ya plastiki, huharibiwa na joto na unyevu, na dalili yake ni harufu ya siki. Ukiisikia, itenge rili hiyo, kwa sababu mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Iweke mahali pa baridi, pakavu, penye hewa, na usiikunjue kwa nguvu. Mabango na vipande vya tiketi navyo msivitupe. Andikeni nyuma, kwa penseli, mwaka na ukumbi vilikotoka.