Je, wajua kwa nini mnara wa taa wa kileleni Cape Point ulizimwa?

Cape Point, ncha ya rasi iliyo kusini mwa jiji la Cape Town, ina mnara wa taa wa zamani juu ya jabali. Ukishuka kwenye gari unaweza kupanda kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma, au ukafunga kamba za viatu na kukwea kwa miguu. Mwenye magoti mazima na akwee. Njia imesakafiwa na ina ngazi, lakini mwinuko ni mkali na upepo hausubiri upumzike. Chakula kifiche ndani kabisa ya begi: nyani wa huko hawamwogopi mtu.

Kileleni utakuta mnara mweupe wa chuma, mfupi kuliko ulivyotarajia, na nguzo yenye vibao vinavyoonyesha umbali wa miji ya mbali. Watu hupiga picha wakashuka. Wachache huuliza mbona taa yenyewe haiwaki. Taa inayoongoza meli leo iko chini zaidi, kwenye ukingo wa genge, mita 87 tu kutoka usawa wa bahari. Wa zamani uko karibu mita 240. Iweje waache kilele na kushuka?

Walioujenga wa kwanza, ukawashwa mwaka 1860, walikuwa na hesabu nzuri. Dunia ni duara, kwa hiyo taa iliyo chini hufichwa na mgongo wa bahari. Chukua kimo cha taa kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, utapata kilomita hadi upeo wa macho. Kwa mita 240 ni kama kilomita 55. Kwa mita 87 ni 33 hivi. Na jabali lilishafanya kazi ya kuinua taa, ndiyo maana mnara wenyewe haukuhitaji urefu. Kwetu ni kinyume: Chumbe, kisiwa cha matumbawe cha Zanzibar kisichoinuka sana, kilihitaji mnara mrefu ulipojengwa mwaka 1904, kwa kuwa hapakuwa na mlima wa kuazima.

Kilichosahaulika kwenye hesabu ni mawingu, na ukipanda kwa miguu utayapata kwenye ngozi kabla ya kuyaona. Chini jua linawaka. Juu unatafuta koti, na nywele zinaanza kuloa ingawa hakuna mvua. Upepo wa baharini hubeba mvuke mwingi. Ukigonga jabali hauna pa kwenda ila juu, na hewa inayopanda hupoa, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Si nyingi. Lakini hewa iliyokwisha kujaa mvuke haihitaji kupoa sana: nyuzi mbili hivi zinatosha kuugeuza mvuke kuwa vitone vidogo, na hapo wingu hukaa kileleni huku baharini chini kukiwa kweupe. Kwa wastani mnara wa zamani ulifunikwa hivyo karibu saa 900 kwa mwaka.

Kuongeza nguvu ya taa hakusaidii. Dereva yeyote aliyepita Limuru alfajiri anajua: ukiwasha taa kubwa ndani ya ukungu unapata ukuta mweupe mbele ya macho. Vitone hutawanya mwanga kila upande, na kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo unavyozidi kutawanywa.

Tarehe 18 Aprili 1911 ndipo mambo yalipofika ukingoni. Meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, ikitokea Msumbiji, iligonga mwamba wa Bellows kusini mwa ncha hiyo. (Si ile ya Uingereza iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915, ni jina tu.) Wengi wa waliokuwemo waliokolewa, ila mjadala kuhusu taa ya kileleni ukawa umekwisha.

Kulikuwa na kasoro ya pili, nayo binafsi naiona ya kuvutia zaidi: siku za anga safi taa ile ilionekana kupita kiasi. Meli zilizoshuka kutoka upande wa magharibi ziliiona mapema, juu ya mgongo wa rasi, zikiwa bado karibu mno na nchi kavu. Nahodha akishaiona huanza kuikata kona kwa kujiamini, na kona hiyo imejaa miamba iliyojificha chini ya mawimbi. Taa ya chini haitoi nafasi hiyo. Rasi yenyewe huiziba, na meli haiioni mpaka iwe imesogea kusini kiasi cha kutosha kuzunguka kwa usalama. Ikiwa huioni, bado hujafika pa kugeukia.

Ujenzi wa mnara mpya ulianza mwaka 1914 na taa ikawashwa 1919. Huwaka mara tatu kila sekunde 30, kwa nguvu ya kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) milioni 10. Huingii ndani, lakini kutoka ule wa zamani kuna njia nyembamba ifuatayo mgongo wa jabali hadi mahali pa kuutazama kwa juu, bahari ikiwa kushoto na kulia. Ndiyo sehemu bora ya matembezi yote, na ndiyo wageni wengi wanaoikosa.

Cape Town haikuwa peke yake. Point Loma huko San Diego, Marekani, mnara wa kileleni uliwashwa mwaka 1855, ukazimwa 1891 kwa ajili ya ukungu, na mwingine ukajengwa chini. Uingereza, mnara wa Belle Tout juu ya magenge meupe ya Beachy Head ulidumu hadi 1902, mrithi wake aliposimamishwa chini kabisa, ndani ya maji. Huo wa juu ulikaribia kuanguka na genge lake, hivyo mwaka 1999 ulisukumwa mzimamzima mita 17 kuelekea bara. Sasa ni nyumba ya kulala wageni.