"Fundi, Hii Ni 4WD, Inapita Popote": Majibu kwa Wanaotesti Krosova Kwenye Lami

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi hapa Dar es Salaam, na siku hizi ninaoitiwa zaidi ni krosova ndogo za Japani: RAV4, Vanguard, X-Trail, Dualis, Forester, CX-5. Kabla sijagusa boneti, mteja ananiwahi: "Fundi, hii ni 4WD, inapita popote, wewe niangalizie injini tu." Dalali pembeni anaitikia kwa kichwa. Tunatoka yadi, tunashika lami hadi sheli, tunageuza, tunarudi. Kiyoyozi kinapoza, gari tulivu, mteja karidhika. Hiyo ndiyo wanayoita kutesti. Masika yakiingia, gari limezama kwenye tope la Madale au mchanga wa Kigamboni, na simu inayopigwa ni yangu.

Nimechoka kulijibu jambo hili mmoja mmoja.

Dhana: Ni 4WD, kwa hiyo inapita popote

Tuanze na swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza: una hakika ni 4WD, yaani inavuta magurudumu yote manne? Vanguard ya kuvuta mbele tu na Vanguard ya 4WD ukiziegesha pamoja huzitofautishi kwa macho. Kibandiko cha nyuma kinauzwa dukani. Soma namba ya modeli kwenye kibati cha gari au kwenye kadi. RAV4 ya kizazi cha tatu ikiandikwa ACA31W ni 4WD, ikiandikwa ACA36W ni ya kuvuta mbele. Vanguard ya 2.4, ACA33W ni 4WD na ACA38W siyo. X-Trail iliyotoka 2007, tafuta herufi N: NT31 ni 4WD, T31 peke yake ni 2WD. CX-5 ya kwanza, KEEAW inavuta kote, KEEFW inavuta mbele. Forester haikusumbui kwa hili, zinazotoka Japani zote zinavuta kote. Sekunde kumi za kusoma kibati zingewaokoa watu wengi malipo ya gari ambalo silo walilodhani.

Haya, umesoma, ni 4WD kweli. Ipo bado? Ingia chini ya gari uangalie propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Wako watu ambao difu ya nyuma (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili) ikianza kulia, au wakiambiwa watapunguza ulaji wa mafuta, wanafungua propela na kuiweka stoo. RAV4 au X-Trail ya namna hiyo inaendelea kutembea kwenye lami kama kawaida, inavuta mbele tu, na ukitesti mjini hutagundua chochote. Kwa hiyo mimi nikifika yadi ninalala chini kabla ya kuwasha injini, na mteja anayeona aibu kwa niaba yangu anivumilie. Ukiwasha, itazame pia dashibodi: taa ya onyo ya 4WD inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa, uliza nani aliiondoa na kwa nini.

Tuseme propela ipo. Sasa uelewe ulichonunua. Kwenye RAV4 hiyo, X-Trail, Dualis ya 4WD na CX-5, gari kwa kawaida linavuta mbele, na kati ya propela na difu ya nyuma kuna klachi inayoendeshwa kwa umeme. Kompyuta ndiyo inayoamua lini klachi ishike na kwa nguvu kiasi gani. Utelezi wa muda mfupi, kokoto, mlima wenye majani mabichi, mfumo huu unaumudu vizuri sana. Lakini ukiukazania kwenye mchanga mzito unapata joto, na ukizidi kiwango unajikata na kukuachia magurudumu ya mbele peke yake mpaka upoe. Hapo ndipo mtu anasema gari limeharibika. Halijaharibika, linajikinga na wewe.

Kitufe cha LOCK nacho kina hadithi zake. Mteja anadhani akikibonyeza amegeuka Land Cruiser. LOCK kwenye yale yenye kitufe hicho inaibana klachi ile ili nguvu igawanywe mbele na nyuma. Haifungi difu. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko, difu ya kawaida itayazungusha hayo hayo huku mawili yaliyo kwenye udongo mgumu yakitulia. Tena LOCK ni ya mwendo mdogo: kwenye RAV4 inajitoa ukivuka kilometa 40 kwa saa. X-Mode ya Forester, kitufe chake cha kusaidia kwenye njia mbaya, iliyoanza na toleo la SJ mwishoni mwa 2012, nayo inajizima ukivuka 40. Kwa hiyo usiniambie unasafiri Morogoro hadi Iringa umeweka LOCK "kwa usalama". Haipo hapo. Na ungeweza kuilazimisha kwenye lami kavu, ungekuwa unatafuna matairi na klachi.

Anayetaka gari la kuingia shambani kila siku atafute lenye gia ya nguvu, 4L. Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005 inayo, na bei yake haitishi. Nimelisema hili mara nyingi na bado watu wananunua X-Trail kwa sababu ina buti kubwa.

Sasa namna ya kutesti. Muombe mwuzaji mtoke nje ya lami, na mkubaliane mapema nani analipa likigongwa chini. Akikataa kabisa gari lisiguse vumbi, mimi humwambia mteja tuondoke. Mtafute mlima wenye kokoto zilizolegea, Goba haikosekani. Msimamishe mwenzako nje na simu arekodi magurudumu ya nyuma. Simama katikati ya mlima, kisha ondoka. X-Trail yenye swichi ya kuchagulia, anza na 2WD: ya mbele yatachimba. Weka AUTO, rudia: ya nyuma lazima yaonekane yanasukuma kokoto na gari lipande. Isipokuwepo tofauti yoyote, 4WD yako ni ya kwenye karatasi.

Baadaye tafuta uwanja wa vumbi, kata usukani wote, zunguka polepole bila LOCK. Gari lizunguke laini. Likiwa zito, linashikashika au kurukaruka, ama klachi imeganda, ama matairi hayalingani. Weka LOCK, zunguka tena. Safari hii unatakiwa uhisi linakaza kidogo, na hapo ndipo unajua LOCK inafanya kazi. Jaribio hili halina gharama na sijaona dalali analipenda.

La mwisho, tafuta mfereji unaokata barabara ya vumbi mshazari na uuvuke polepole, ili gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili yapungukiwe uzito kwa pamoja. Yataanza kuzunguka bure, taa ya utelezi itawakawaka, na utasikia mkwaruzo. Wengi hapa wanashtuka na kuachia mafuta. Usiachie. Mkwaruzo ule ni breki zinalishika gurudumu linalozunguka bure ili nguvu ihamie kwa mwenzake. Kanyaga mafuta kwa utulivu, usipige resi, subiri. Gari zima litatoka lenyewe. Lisilo na mfumo huo litabaki linazungusha tu, na ni heri uyajue leo ukiwa na mwuzaji pembeni.

Mchangani mambo yanageuka. Mfumo huo huo ukiona magurudumu yanateleza unaipunguzia injini nguvu, na mchanga mzito unahitaji mwendo usiokatika. Kabla ya kuingia, bonyeza kitufe cha kuzima: kwenye Toyota kimeandikwa VSC OFF au TRC OFF, kwenye Nissan na Subaru ni VDC OFF. Ukifika pagumu, kirudishe. Nimeona magari mengi yakichimba kaburi lake pwani kwa sababu tu hakuna aliyejua kazi ya kitufe kile.

Na matairi! Hapa ndipo ninapogombana na watu. Unaweza kuwa na mfumo bora kuliko wote, ukavaa matairi ya lami yaliyoisha, na bajaji ikakupita kwenye utelezi. Kwenye gari linalovuta kote, matairi manne yanatakiwa kulingana saizi, aina na hata kiasi yalivyolika. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Mwuzaji anayefunga mawili mapya mbele ili gari lipendeze anakuuzia ugonjwa wa difu. Pima uchakavu wa yote manne, usipige picha ya mbele tu. Ukishanunua, tafuta pampu ndogo ya umeme, hiyo ni lazima kuliko redio yenye kioo kikubwa. Upepo wa kawaida uko karibu na psi 32. Mchangani shusha hadi 20 au 18, tairi litatanuka na kuelea, kisha jaza tena kabla ya kurudi lami. Gari la kuvuta mbele lililoshushwa upepo nimeliona likipita mahali 4WD yenye upepo kamili imekaa inasubiri trekta.

Dhana: Dakika kumi zinatosha kulijua gari

Zinatosha kujua kama kiyoyozi kinapoza. X-Trail ya 2.0, RAV4 ya 2.4 na Forester SJ nyingi zina gia boksi za CVT, otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, na CVT mbovu ikiwa baridi ni mpole kweli. Ugonjwa unajitokeza mafuta yake yakishapata moto. Endesha nusu saa au zaidi, ndipo upande mlima mrefu polepole ukiwa na watu ndani. Sikiliza mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo, hisi kama linatetemeka unapoondoka, angalia kama linapoteza nguvu ghafla kana kwamba mtu amelishika nyuma. Rudi nyuma pia mlimani, wengi wanasahau. Na uliza mafuta gani yaliwekwa. Nissan ya CVT inataka NS-2 au NS-3 kulingana na modeli. Akikujibu "tuliweka ATF nzuri tu", yaani mafuta ya otomatiki ya kawaida, mpungie mkono.

Dhana: Limenyanyuliwa, haligusi chini

Spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi, zinanyanyua bodi. Haziondoi bampa refu la mbele, na ndilo linalogonga kwanza kwenye kingo za mfereji. Pia zinaiweka mihimili ya magurudumu kwenye pembe ambayo haikutengenezewa, na mipira yake inachanika mapema. Ile milimita 220 unayoisoma ya Forester SJ ni ya gari tupu. Jaza watu watano na magunia mawili ya viazi, pima tena. Ndiyo maana ninataka gari litestiwe na familia ndani, siyo mimi na dalali tu.

Dhana: 4WD inashika breki zaidi

Hapana. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. 4WD inakusaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya matairi na breki. Kwenye kokoto zilizolegea ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki, inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama, kwa hiyo ijaribu kwa kilometa 30 kwa saa mahali peupe, uusikie mguu unavyotetemeka, usije ukashangaa siku ng'ombe wanavuka.

Dhana: Mlio huo ni wa barabara mbaya

Mlio ni wa gari. Barabara imeufichua tu. Zima redio, na dalali akiiwasha, zima tena. Pita kwenye matuta madogo na barabara ya vumbi yenye mikunjo ukiwa na vioo wazi upande wenye ukuta, sauti inarudi vizuri. Kugonga kavu kwa mwendo mdogo mara nyingi ni stebilaiza linki (kifimbo kidogo cha kwenye sasipensheni), bei yake ndogo. Gari likiendelea kudunda baada ya tuta ni shokapu. Mvumo wa nyuma unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, hiyo ni difu au beringi, na hapo punguza bei au ondoka.

Dhana: Limepita ukaguzi wa kuingizwa nchini, halina haja ya kutestiwa

Ukaguzi ule unaangalia kama gari linafaa kutembea barabarani. Haukupimii kama klachi ya nyuma inashika Goba kwenye mvua.

Kabla hamjaanza kuzungumza bei, fungua buti na unyanyue kapeti. CX-5 nyingi kutoka Japani hazina tairi la akiba. Zina pampu na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Chupa ile inaziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliochanwa na jiwe. Piga hesabu ya tairi, ringi, jeki na spana ya magurudumu, umtajie mwuzaji akiwa bado anataka kuuza, kwa sababu akishahesabu pesa yako hatapokea simu kwa ajili ya jeki.